Mishono ya Kitete

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, nilikuwa nimeketi kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwangu Machakos, nikichora kitete cha marehemu mama kwa rangi za maji. Ni kibuyu kidogo cha kuwekea mbegu, chenye weusi wa moshi wa miaka mingi. Kando yake nilikuwa nimeweka machungwa mawili na kisahani cha mbaazi.

Picha hiyo ilikuwa ya kumpa mdogo wangu. Kitete chenyewe kingebaki kwangu. Ndicho kitu pekee tulichogombania baada ya mazishi. Mimi nilidai haki ya kifungua mimba. Yeye alisema tu, "Wewe hukijui," akaondoka. Anaishi Mlolongo, mwendo usiofika saa mbili, lakini miezi mitano ilikuwa imepita bila kusemezana. Nilidhani picha nzuri ingemtuliza.

Mama mdogo, aliyekuja kutoka Kola kunijulia hali, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Watu wanabeba maji mgongoni, wewe unayaoshea brashi," alisema.

"Ni kikombe kimoja tu, mama."

"Haya. Na hicho ni kitete cha nani?"

"Cha mama. Si unakiona hapo mezani?"

Akatazama karatasi, akatazama kitete, kisha akacheka kidogo. "Dada yangu hakuacha kitete kizima. Umemnunulia kipya huko aliko?"

Ndipo nikaona nilichokifanya. Kitete kilikuwa na ufa kuanzia shingoni hadi tumboni, ulioshonwa kwa uzi mweupe wa katani. Nilikuwa nimekigeuza ili ufa uelekee dirishani, na hata ulipoendelea kuonekana ukingoni, nikaupaka hudhurungi na kuupita.

Mimi ndiye niliyekivunja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikakiangusha kikiwa na maziwa. Mama alipouliza, nilinyamaza, na fimbo ikamwangukia mdogo wangu, aliyekuwa na miaka tisa. Jioni ile alitoboa kingo za ufa kwa waya wa moto, akachomoa uzi kwenye kiondo ambacho mama hakuwa amekimaliza, akakishona kitete huku akivuta kamasi. Hakikufaa tena kwa maziwa. Mama akakifanya cha mbegu, na hakukiacha mpaka alipofariki.

Nilijaribu kuongeza mishono kwenye picha. Haikuwezekana. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Usipouacha tangu mwanzo, huwezi kuurudisha. Nilichukua karatasi nyingine na kukigeuza kitete, ufa ukanielekea. Kabla ya kutia rangi yoyote nilihesabu mishono: kumi na mmoja, wa mwisho umepinda, pale ambapo bila shaka uzi ulikuwa umemwishia. Kila mmoja niliuachia nafasi yake kavu, nikapaka hudhurungi kuuzunguka, polepole, nikizuia mkono. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi tatu. Kila nilipofika kwenye ule uliopinda nililazimika kuweka brashi chini kwa muda.

Picha ilipokauka sikuweza kuipeleka Mlolongo na kubaki na kitete. Niliitundika sebuleni, nikafunga kifurushi, nikakituma pamoja na barua hii:

"Mdogo wangu,

Pokea kitete cha mama. Nimekifunga kwa leso yake ili kisigongwe njiani. Ulisema sikijui, na ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekivunja, nikakuacha upigwe. Umelijua jambo hili maisha yako yote, lakini hukuwahi kulisikia kinywani mwangu. Nisamehe.

Mbegu zilizomo ni mbaazi zake za mwisho. Nusu nimebaki nazo, nami nitazipanda Kola mvua ikianza. Ukipenda kuja, njoo na jembe lako. La kwangu lina mpini mbovu.

Ni mimi, dada yako."