Nilichomtafsiria Kocha

Haijanitoka akilini siku ile ya fainali ya vyuo, mwanangu, ingawa imepita miaka zaidi ya ishirini. Nakusimulia nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana ulikaa hapa kwangu, mtaa huu wa Alum Rock, ukaeleza huku ukicheka kwamba mwenzenu aligongwa kichwa mazoezini, akatapika, nanyi mkamficha kocha ili asitolewe kwenye timu. Nilipouliza hali yake ukanijibu kwa hicho Kiingereza chenu kwamba yuko poa. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na wageni. Leo hawapo.

Unajua nilicheza mpira wa Kimarekani, huu huu wenu wa helmeti na kuangushana. Nilivyouacha hujui.

Aliyeniingiza ni Harjit, Singasinga aliyelelewa Kisumu. Mimi Msomali wa Garissa, yeye wa Kisumu, na tulikutana chuoni hapa Birmingham kwa sababu ya Kiswahili. Uwanjani tulielekezana kwa Kiswahili, wapinzani wakabaki kututazama tu. Kocha aliipenda sana mbinu hiyo.

Chuo chetu hakikuwa kimewahi kufika fainali. Katika robo ya tatu Harjit aligongana na jamaa mmoja, helmeti kwa helmeti, akalala chini. Nikamwinua. Kocha akaja mbio akamuuliza leo ni siku gani. Harjit akanitazama mimi, Kiingereza chote kimemtoka.

"Abdi, mwambie mama azime redio," akasema. "Kichwa kinaniuma."

Hapakuwa na redio, mwanangu. Mama yake alikuwa nyumbani kwao, mtaa wa Stechford.

Kocha akanigeukia akataka kujua amesema nini. Nikatazama ubao wa matokeo. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na hakuna kati yetu aliyekuwa na mbio kama zake.

"Anasema yuko sawa," nikamjibu. "Anataka kuendelea."

Kocha yule namkasirikia hadi leo. Mtu mzima akiona kijana amesahau lugha anayosomea, hahitaji mkalimani. Lakini uongo ulikuwa wangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Dakika za mwisho Harjit akapewa mpira, akakimbia hadi ng'ambo ya mstari, tukashinda. Mechi ya kihistoria, ndivyo wanavyoiita pale chuoni, na picha yake ingali ukutani. Mimi nimeshika kombe. Harjit hayumo, maana tulipokuwa tunapigwa picha yeye alikuwa ameshaanguka katika chumba cha kubadilishia nguo.

Walimpasua kichwa kuondoa damu iliyovuja. Hakufa. Ila mkono wa kulia haukumtii tena, maneno yakawa yanampotea, na uhandisi alioupenda hakuumaliza.

Nilikwenda Stechford kumwona mama yake, na nikiri nilikwenda nikitaka anisamehe. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akaniuliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini siku ile. Nikamwambia, pamoja na lile la redio.



"Kwa hivyo aliniita," akasema. "Mtoto wangu aliniita, na katika uwanja mzima ni wewe peke yako uliyemwelewa. Maliza chai yako uende. Ukirudi, njoo kwa ajili ya Harjit, usije kwa ajili yangu."

Nilirudi, na hadi sasa naenda kila Alhamisi. Namkata kucha za mkono wa kushoto, ambazo hawezi kuzikata mwenyewe kwa ule wa kulia. Mechi haikumbuki. Huniuliza kama tulishinda, nikimwambia ndiyo hufurahi, na wiki inayofuata huniuliza tena. Ndilo kombe langu hilo.

Sasa nisikilize. Kabla hujala chochote, mpigie kocha wenu umwambie mwenzenu alitapika. Kisha nenda kwao, mfuatane hospitali, wala usiondoke hadi daktari amwone. Timu ikikuchukia, ikuchukie. Mtu aliyeumia akikwambia neno, lifikishe kama alivyolisema, hata kama linakugharimu ushindi unaoutaka kuliko kitu chochote. Na usinichekee tena habari kama hiyo ndani ya nyumba hii.

Mungu akilinde kichwa chako, na cha huyo mwenzako zaidi. Akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao, na akujaalie umuwahi mwenzako.