Barua Iliyobaki kwenye Foleni

Ofisini tulimwita Posta, maana seva ya barua pepe ilikuwa mikononi mwake miaka kumi na sita. Ukimpigia simu anakuwa mkali: "Niandikie! Simu naweza kuikosa, barua kwangu haipotei."

Baba yake alipofariki, alimjia juu dada yake mbele ya waombolezaji. "Mzee anaumwa wiki nzima, hukuniambia?"

"Nilikuandikia, kaka."

Akamwita mwongo. Miezi mitano ikapita hawasemeshani.

Juzi barua zilikwama kwenye seva, zikapanga foleni. Posta akaandika amri ya kusukuma foleni, zikaondoka zote mia na kitu, ikabaki moja. Pembeni ya namba yake palikuwa na alama ya mshangao. Alama hiyo maana yake barua imezuiwa kwa mkono, na hata uisukume vipi haitoki mpaka uifungulie. Wiki ile mzee anaumwa, Posta alizuia barua zote zenye picha nzito ili seva ipumue. Baadaye akazifungulia zote. Alidhani ni zote.

Akaifungulia hiyo moja, ikaingia kwenye sanduku lake. Ilikuwa picha ya mzee kitandani, na chini yake mstari mmoja: "Kaka, baba anakuulizia kila saa. Njoo."

Akampigia dada yake palepale, simu ikiwa kwenye spika. "Dada, barua yako nimeipata leo. Ilikuwa imezuiwa huku kazini."

Sote tulimsikia dada akiuliza, taratibu kabisa, "Imezuiwa na nani?"