Magoti ya Salamu

Goti langu la kushoto lilianza kulia mwaka niliotimiza miaka hamsini, na aliyelitambua ni mama mkwe wangu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nyumbani kwake Goweko, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimia mkubwa, macho chini. "Shikamoo, mama." Kabla hajaitikia, goti likatoa mlio mkavu, kama kijiti cha kuni kinapovunjwa, nami nikakunja uso. Akanitazama.

"Marahaba," akasema. "Langu nalo lilianza hivyo hivyo."

Yeye wakati huo alishinda mkekani, miguu imenyooka mbele yake na haikunjiki tena. Kwenda chooni alishikwa makwapa na watu wawili. Nilikuwa nikimwogesha kila nilipokwenda, na siku zote nilimwonea huruma. Siku ile nilimwogopa.

Nikajitia kusema ni uchovu wa safari. Nikarudi kwangu mjini, Gongoni, nikalichua kwa mafuta, nikafunga kitambaa, maisha yakaendelea. Kwetu maumivu ya viungo hayakuhesabiwa kuwa ugonjwa. Baba yangu alizoea kutukumbusha kwamba sisi ni uzao wa wapagazi, watu waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, basi nani anathubutu kulia kwa sababu ya ndoo ya maji? Tulijivuna kwa maneno hayo. Msimu wa tumbaku tulichuchumaa kando ya bani, banda la kukaushia tumbaku, kuanzia asubuhi mpaka jioni, tukitunga majani kwenye fito ili yakaushwe, na aliyeinuka kujinyoosha alichekwa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza wale wapagazi walizeekaje. Hadithi zao nyingi nimezisikia, ila ya mpagazi mzee sijawahi kuisikia.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Goti lilipovimba hadi nikawa nashuka ngazi kinyumenyume, nilikwenda hospitali, Kitete. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti wa rika la mwanangu. Alilikunja goti langu taratibu, akalikunjua, akaniambia bila kunizungusha kwamba utando laini unaokinga mifupa isisuguane ulikuwa umelika, na ulioisha haurudi.

"Uliobaki tunaweza kuutunza, mama," alisema. Nipunguze mwili. Niwe nainuka kitini bila kushika, mara kadhaa kila siku, ili misuli ya mapaja ibebe kazi. Nitembee, nisikae tu. Nisichuchumae. "Na kupiga magoti uache."

Nikacheka. "Wewe binti ni wa wapi?"

"Wa Dar, mama."

"Ndiyo maana," nikamwambia. Hakucheka.

Nilimtii karibu katika yote. Nilipunguza ugali, nikanunua kigoda kirefu cha kufulia, nikaanza kubeba vindoo viwili vidogo badala ya ndoo moja kubwa. Majirani walinitania kwamba nimekuwa mzungu. Uvimbe ukashuka, nikaanza kulala vizuri. Ila kwa mama mkwe niliendelea kupiga magoti. Mke anayemsalimia mama wa mumewe akiwa wima, watu watasema mji umemlewesha, na mimi nilikuwa na jina zuri katika ukoo ule. Sikuwa tayari kulipoteza kwa ajili ya goti.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nilikwenda kumwona pamoja na binti yangu, mwenye miaka ishirini na saba. Yeye alibaki nje akishusha mizigo kwenye pikipiki. Mimi nikaingia, nikapiga magoti, nikasalimia, nikaitikiwa. Nilipotaka kuinuka, goti likagoma. Nilijaribu la kulia, nikajaribu kushika ukuta, jasho likanitoka. Mama mkwe alinyoosha mkono, lakini mkono wake haukunifikia, na yeye hakuweza kusogea. Tukabaki tunatazamana, wanawake wawili wazima, hakuna wa kumwinua mwenzake.

"Mimi pia niliambiwa niache," akasema polepole. "Dada mmoja wa misheni aliniambia. Nikaona haya kwa mama wa mume wangu."

Nilitamani kulia, nikamkasirikia badala yake. Miaka yote hiyo alilijua jambo hili, na miaka yote hiyo alikaa pale akipokea magoti yangu.

Binti yangu akaingia na mfuko wa sukari. Akauweka chini, na kabla hajaniuliza nina nini, akapiga magoti kumwelekea bibi yake. Nikausikia mlio ule. Nikauona na uso wake ukikunjamana kidogo, kisha akaupanga upesi.

"Simama," nikamwambia. "Msalimie bibi yako ukiwa umesimama."

Akasimama, ameduwaa. "Shikamoo, bibi."

Bibi yake aliutazama mkeka. Mvua ilianza kupiga bati, naye hakuitikia. Binti yangu akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, kisha akakunja magoti yake taratibu akashuka tena mpaka chini.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia bibi.

Watu wote pale Goweko husema nimemlea vizuri.