Vioo Vinne vya Longonot

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyejua kilichomo ndani ya tone la damu kabla mwanadamu hajapata darubini, akanipa umri wa kukosea na umri mwingine wa kusimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa Ramadhani, miaka ya hamsini, niliposhuka gari la moshi Longonot nikiwa na kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na sindano, pamba, spiriti na vipande vya kioo vya kupakia damu. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari Kampala, nimerudi kwetu Nakuru kwa likizo.

Mwanangu, umeniambia kwamba chuoni kwenu wametangaza nafasi za utafiti kwa wanafunzi ambao hawajamaliza shahada, nawe unasitasita kuomba. Zama zetu hapakuwa na tangazo. Mtafiti mmoja wa malaria pale Nakuru alikuwa na nafasi moja tu, nami nilikwenda mwenyewe kubisha mlangoni kwake. Aliniahidi kwamba nikifanya kazi safi atanichukua tena mwaka ujao, kisha ataniandikia barua nikasomee utafiti ng'ambo. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani barua ile.

Alikuwa na swali moja: je, malaria inaambukizwa huku kwetu kwenye baridi, au inaletwa na wasafiri kutoka nchi za joto? Kwa hiyo tulipima damu ya watoto ambao hawajawahi kutoka katika mashamba walikozaliwa.

Siku hiyo, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, nilikuwa na majina ya watoto ishirini. Kumi na sita niliwapata. Wanne walifichwa na mama zao, kwa kuwa ilikuwa imevuma kwamba sisi ni mumiani, wanyonya damu. Mama Chebet alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Chebet ameenda kwa nyanya yake."

"Nyanya anakaa wapi, mama?"

"Mbali. Na wewe mumiani, mbona umekonda hivyo? Damu ya jana haikukushibisha?"

Wanawake wote wakacheka. Nilikuwa nimefunga, kichwa kinaniuma tangu alfajiri, treni ya kurudi inakaribia, na nyumbani Bondeni, Nakuru, mama alikuwa akiningoja kwa Idi. Nikaenda nyuma ya ghala, nikajidunga kidole changu mwenyewe, nikapaka vioo vinne. Nikaandika majina manne. Tumbo langu lilikuwa limefunga, mwanangu, na mkono wangu ulikuwa ukiandika uongo.

Baada ya Idi nilirudi kazini. Mkuu wa kusoma vioo pale maabara alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa magharibi ya nchi yetu, Mkristo mwenye subira, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku jicho liko kwenye darubini. Asubuhi ile wimbo ulikatika katikati.

"Daktari," aliniita, maana ndivyo alivyonitania. "Hawa watoto wako wanne wana malaria. Wenzao kumi na sita hawana hata chembe. Tena vijidudu vya hawa wanne ni vya aina moja, wingi mmoja. Wamewahi kupanda treni?"

"Labda, mzee."

"Labda! Na wewe ulitoka Kampala lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Leta kidole."

Nilikileta. Akanidunga, akapaka kioo, akakitia rangi, tukangoja kikauke. Alitazama, kisha akainuka kwenye kigoda chake ili nitazame mimi. Vijidudu vilikuwa vile vile. Yale maumivu ya kichwa niliyodhani ni ya saumu yalikuwa ni malaria niliyotoka nayo Kampala.

"Meza dawa kwanza," alisema, "maana u mgonjwa kweli. Halafu nenda kwa mkubwa. Mimi sitamwambia neno, utamwambia wewe. Lakini kwa nini hukuandika tu 'hakupatikana'? Fungua kitabu hiki. Neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu."

Nilikwenda. Mtafiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kalamu akafuta kazi yangu yote ya wiki mbili.

"Hata vile vya kweli, bwana?"

"Nitavijuaje?" aliniuliza.

Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kwa dhati. Mwaka uliofuata nafasi ile alipewa mwenzangu wa darasani, na barua akaandikiwa yeye.

Kabla likizo haijaisha Mzee Wekesa alinirudisha Longonot. Mbele ya Mama Chebet alijidunga kwanza kidole chake mwenyewe. Mama akacheka, "Kumbe hata wazee mnajinyonya!" Chebet akatoka chini ya kitanda. Damu yake, na ya wale watatu, ilikuwa safi.

Nimetibu watu miaka mingi tangu hapo, na namshukuru Mungu kwa kila aliyepona. Lakini bado nakitamani kile chumba cha maabara cha mabati chenye dirisha la kutazama ziwa, na kigoda nilichoinukiwa mara moja tu. Mzee Wekesa amelala kwao Magharibi. Nikisikia harufu ya spiriti, huwa nasikiliza kama wimbo wake utaendelea pale ulipokatika.

Basi nafasi hiyo iombe, mwanangu, hata kama huna uhakika. Kabishe mlango, waambie hujui ila unataka kujua. Ukipewa, mtu usiyemwona usimjazie kitu kitabuni. Watakuharakisha, watakucheka, nyumbani watakungoja. Andika "hakupatikana", kisha urudi kesho umtafute. Na ukikosea, nenda useme mwenyewe mapema, ingawa itakugharimu. Mimi ilinigharimu nilichokitamani kuliko vyote, lakini watoto wanne hawakuandikiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kukiri. Akukalishe kwenye kigoda nilichokikosa, akuinue kutoka hapo ukiwa na jibu la kweli kwa watu wako. Nawe unayesoma haya, awe pamoja nawe kila uandikapo jina la mtu. Amina.