Niombee, Si Niumbie

Enzi zetu kule Ibra, bara ya Maskati, ukitaka kitumbua ulikilipia kwa maneno.

Wenzangu mliolelewa na wazee waliorudi kutoka Unguja mnajua nyumba hizo zilivyokuwa. Uani mtende, nyuma ya ukuta falaji, mfereji wa mashamba, linapitisha maji yake, lakini ukiingia jikoni uko Unguja tupu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na chuma cha vitumbua alichokileta ndani ya furushi la kanga. Mchele aliuroweka tangu jana yake. Nazi, kwa kuwa Ibra haina mnazi hata mmoja wa kukudanganya, ilikuwa ya kopo, na kila alipolifungua kopo alilitukana kwanza. Harufu ya iliki ikivuka ukuta, sisi tuliokuwa wadini, kwenye bonde kavu la mto, tukicheza mpira, mawe mawili goli huku na mawili kule, tuliuacha mpira ujichezee wenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maneno ishirini."

"Ishirini mengi, Bibi. Matano."

"Kwa matano utanusa. Kumi na tano."

"Saba, na nitakuchotea maji."

"Maji yanatoka bombani, mwizi we! Kumi, na neno la mwisho."

Nilikuwa na miaka minane. Leo mimi ni mtu wa soko la mbuzi la Nizwa kila Ijumaa, nimebishana na wazee waliozaliwa wakibishana, na bado sijakutana na mgumu kama yule mwanamke.

Mchezo ulikuwa hivi. Yeye anataja kitendo, mimi namtendea mtu. Pika? Pikia. Funga? Fungia. Kata? Katia. Mpaka hapo mteremko. Halafu anasema soma, nami kwa ujuvi najibu "somia", na mwiko unagonga ukingo wa sufuria.

"Somea! Sikiliza, mwanangu. Sauti tano, nyumba mbili. E na O ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja wao akiwamo ndani ya neno, mkia lazima uwe E. Soma, somea. Leta, letea. Choma, chomea. A, I na U ni watu wa nyumba ya pili, na mkia wao ni I. Neno halichanganyi nyumba. Lina adabu kukushinda."

Mimi nikashika vidole kumhakiki, mara ya kwanza na mara ya pili, kama kuna alipopunja. Siku moja nikadhani nimempata.

"Na kunywa, Bibi?"

"Nywea."

"E imetoka wapi? Humo hamna E wala O!"

Akageuza kitumbua bila kunitazama. "Kunywa? Huyo mlevi, kaingia nyumba ya watu. Mwache."

Sasa nifike kwenye hasira, maana sikukaa kuandika kwa ajili ya vitumbua.

Ami Seif, kaka mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani kwetu. Siku moja nilirudi skuli mdomo umepasuka. Nilikuwa nimemwomba mwalimu kifutio kwa Kiswahili, bila kujua kama nimesema Kiswahili, na wakati wa mapumziko wenzangu wakanizunguka wakiimba, "Zinjibari! Zinjibari!" Mmoja nikampiga, watatu wakanipiga. Hesabu ya kawaida ya utotoni, ingekwisha palepale.

Lakini Ami Seif hakuuliza ni nani walionipiga. Baada ya chakula cha mchana, sinia la wali bado limo kati yetu, akafuta mikono na kutangaza.

"Kuanzia leo nyumba hii ni Kiarabu tu. Mtoto mwenye lugha mbili hubaki hana hata moja."

Bibi akasema, "Na mimi nizungumze na nani, Seif? Na kuku?"

"Mama, kwa faida yao."

Faida hiyo nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili imetoka sifuri. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha kusalia, na cha kuamkiana na wauzaji katika soko la wanawake la Jumatano, ambako bidhaa nyingine alizinunua kwa kidole. Kwa mazungumzo hakikumtosha. Mwanamke aliyekuwa akibishana na kopo la nazi akanyamaza ndani ya nyumba ya mwanawe mwenyewe. Sisi tukinong'ona naye jikoni, Ami anakohoa ukumbini. Baba alijua, akatazama saa yake. Baba alikuwa na tabia ya kutazama saa.

Vitumbua viliendelea kupikwa, ila sasa vilikuwa vya bure. Bibi ananyoosha sahani, nachukua, naondoka. Tangu siku hizo kitu cha bure sikiamini.

Na mdomo ukaanza kusahau. Skuli tuliandika alama tatu tu za sauti juu na chini ya herufi: A, I, U. Simlaumu mwalimu, wala sikilaumu Kiarabu. Ni lugha ya baba zangu, na kwa Kiarabu cha Ibra leo hunishindi bei. Lakini Bibi alikuwa na sauti tano. Tano toa tatu, mbili. Nikakagua tena, mbili vilevile, E na O. Wale ndugu wa tumbo moja walifukuzwa nyumbani kwetu siku moja, na hakuna mkubwa aliyegeuka kuwatazama.

Ikapita kama miaka mitatu. Bibi akaugua, akapelekwa hospitali Maskati. Alasiri moja simu ikalia ukumbini, ile ya waya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba itashikwa na baridi. Nikaipokea mimi.

"Mjukuu wangu, ni wewe? Kesho wananipasua. Niombee."

Nilielewa kila neno. Wakubwa walikuwa wamefunga mdomo wangu, sikio walilisahau wazi. Nikataka kumjibu kwa maneno yake mwenyewe. Nikachimba, nikachimba, nikalipata, nikalitoa kwa fahari.

"Nitakuumbia, Bibi!"

Angalieni kosa lilivyopita. Omba, ombea: kumwombea mtu kwa Mungu. Mdomo wangu O hauna tena, ukaweka U. Na U, kwa adabu zake, ikavuta I nyuma yake. Umba, umbia. Sheria ya nyumba mbili ilifuatwa barabara, ila neno lenyewe likawa kufuru. Bibi kaomba dua, mimi nimeahidi kuumba.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Miaka mitatu sikuwa nimekisikia kicheko kile.

"Astaghafirullah! Mjukuu wangu kawa Muumba! Utaniumbia nini, figo jipya? Haya, njoo hapa. O, halafu E. Nataka nilisikie kabla hawajanilaza. Sema."

Nikafungua mdomo. Mkono ukatokea juu ya bega langu ukachukua simu. "Takallam Arabi," Ami akaniambia mimi, sema Kiarabu. Na Bibi akaambiwa, "Mama, pumzika, usijichoshe." Kisha akakirudisha kitambaa juu ya simu na kukinyoosha pembe zote nne.

Bibi hakuamka kutoka upasuaji ule.

Nilimwombea sana, kwa Kiarabu, na Mungu anazijua lugha zote. Lakini aliyetaka kulisikia neno alikuwa Bibi, na hakulisikia. Ami Seif naye keshatangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Namtakia rehema kila Ijumaa na bado namkasirikia siku sita zilizobaki.

Basi majuzi kaja Haitham, kijana wa kaka yangu, ana miaka ishirini na simu mbili. Kiswahili chake cha kuokota njiani ni cha kunipendeza mimi. Ngeli zote kazitupa, kila kitu kwake ni "hii". Yeye na marafiki zake wanakwenda Mongolia kupanda farasi, na amejifunza lugha ya huko simuni.

"Ami, hii lugha iko ajabu! Sauti saba. Tatu wanaume, tatu wanawake, moja haina upande. Mwanaume na mwanamke hawakai neno moja. Ona: baba ni aav, kutoka kwa baba, aavaas. Mama ni eej, kutoka kwa mama, eejees. Mkia inafuata neno! Umewahi kusikia kitu kama hii?"

Nikaweka kikombe chini.

"Soma," nikamwambia. "Ukimtendea mtu kitendo hicho, husemaje kwa Kiswahili? Jibu."

"Hmm. Somia?"

"Leta?"

"Letia."

Hapo nilisimama. Nilisema mengi, na si yote ya kuandikwa. Sauti saba za watu wa farasi unazijua kwa jinsia zao, mbili za jikoni kwa bibi wa baba yako huzijui! Sisi tulilipia sheria hiyo kwa kitumbua, nyinyi mnaishangaa kama imeshuka jana kwa ndege! Vijana wa leo, mkisikia kitu kinatoka mbali mnakaa wima, kikitoka uani mnasinzia!

Haitham alingoja nimalize. Kisha akasema taratibu, "Ami, nani angenifundisha? Baba hajasema. Wewe hujasema. Mimi nimezaliwa, nyumba iko kimya."

Nimezoea kushusha kila ninachoambiwa, angalau robo. Hili halikushuka.

Enzi zetu mwalimu alikuwa jikoni, chuma kimeshapata moto, na mlango tumefungiwa. Leo mlango uko wazi kabisa, na jikoni hakuna mtu. Mimi je? Naijua sheria miaka yote hii na sikumfundisha hata mmoja. Kumbe nami nilikuwa natazama saa.

Akavaa viatu. Mlangoni akageuka kwa heshima.

"Haya, Ami, kesho kutwa nasafiri. Niumbie."

"O, halafu E," nikasema.

"Niombie."

"Umeleta ndugu mmoja, mwingine umemwacha njiani. Tena."

"Niombee."

"Tena."

"Ami, nimeshasema!"

"Mimi huhesabu mara mbili."

"Niombee, Ami."

Lilikuwa sawasawa. Sasa ilikuwa zamu ya mtu kujibu, na ami wa nyumba hii sasa ni mimi. Nikatazama juu ya bega langu. Hapakuwa na mkono.

"Nitakuombea," nikasema. O yake ilikuwapo, na E nyuma yake.

"Mbona unapiga kelele, Ami?" Haitham akauliza. "Mimi niko hapahapa."