Muhuri Usio na Tarehe

Juzi mjini Singida, katika ofisi inayonipangisha kibanda, nilisimama nyuma ya mama mmoja, fundi cherehani wa Ilongero. Aliishonea ofisi hiyo mapazia, na sasa alikuwa analeta nakala ya tatu ya ankara ileile. Karani akaigonga muhuri: IMEPOKELEWA.

"Mwanangu, tarehe iko wapi?"

"Muhuri wa tarehe ni mbovu, mama. Tunalipa siku thelathini baada ya kupokea."

"Zile mbili za kwanza mlizipokea lini?"

Karani akapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. "Hazina tarehe. Nitajuaje?"

"Basi siku zenu thelathini hazitaanza mpaka nife."

Akakunja ankara, akaelekea mlangoni.

"Shikamoo mzee," karani akaniambia, akachukua hati yangu ya kudaiwa kodi ya kibanda. Akafungua droo, akatoa muhuri mwingine, akagonga. Tarehe ilisomeka vizuri, pamoja na mwaka.

"Una siku saba za kulipa, kuanzia leo."

Niliitazama ile tarehe, kisha nikageuka.

"Mama, rudi! Muhuri umepona."

Karani aliigonga ankara ya mama kwa muhuri uleule, bila kutuangalia. Tangu siku hiyo sisemi asante kabla sijausoma muhuri.