Wanauliza Tambi, Wanpen Anakaanga Kome

Saa tisa alasiri, Wanpen anamimina uji wa unga wa mchele kwenye kikaango cha chuma, kisha anautupia konzi ya kome. Mafuta yanalia. Mbele yake wamesimama vijana wawili wenye mabegi mgongoni, na mmoja ananyoosha simu. Kwenye simu ni Wanpen mwenyewe, mwiko mkononi, moshi umemzunguka.

"Pad thai?" anauliza kijana.

Wanpen hainui kichwa. Anaelekeza mwiko ng'ambo ya kichochoro. "Tambi kule. Hapa kome."

Ni mara ya kumi na nne leo.

"Picha yangu, chakula si changu," anasema, akigeuza upande wa pili. "Mwaka na nusu naeleza jambo hilohilo. Mdomo umeniota sugu."

Mwanamke huyu wa miaka 58 amekaanga kome upande wa Thonburi, Bangkok, kwa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Samut Songkhram katika nyumba ya wavuna kome, na ufundi wa kikaango aliachiwa na mama mkwe ambaye, kwa maelezo yake, hakumsifu hata siku moja. Anajua pishi moja tu: kome, unga, yai, machipukizi ya choroko, na kungoja hadi kingo zikauke na kuvunjika kama papadi.

Balaa lilianza pale msafiri mmoja alipoandika mtandaoni orodha ya vyakula kumi vya barabarani ambavyo mgeni asikose. Namba tatu ilikuwa pad thai, tambi za mchele zinazokaangwa kwa ukwaju na karanga. Picha iliyowekwa juu yake ilikuwa ya Wanpen.

"Moshi wangu ulimpendeza," anasema. "Hakuonja chochote. Alipiga picha, akaenda zake."

Binti yake, Naruemon, aliwaandikia wenye tovuti iliyotoa orodha hiyo mara nne. Walimjibu mara moja tu, wakimshukuru kwa kupenda ukurasa wao.

Ukiitazama foleni utadhani ni neema. Zamani Wanpen aliuza sahani mia na ishirini kwa siku. Foleni ilipofika mpaka kwenye duka la dawa, aliuza sabini. Wageni walifika mbele, wakauliza tambi, wakanuna, wakaondoka. Wateja wake wa miaka yote hawakuwa na muda wa kusubiri mchezo huo.

Alijaribu kukubali yaishe. Kwa siku tisa alipika hizo tambi. Ziligandamana kama gundi, na mgeni mmoja akaandika kwamba pad thai maarufu kuliko zote mjini hailiki.

"Nimetukanwa kwa chakula ambacho sikuwahi kusema nakijua," anasema. "Hebu niambie, hiyo nayo ni haki?"

Kinachochosha zaidi ni kwamba mpishi halisi wa tambi alikuwa hatua nane kutoka kwake. Thawil, mwenye miaka 63, anapika pad thai ng'ambo ya kichochoro, na siku hizo zote alikuwa ameketi akijipepea. Ila hawakuwa wakizungumza.

Miaka sita iliyopita, turubai la Thawil lililotokeza katikati ya njia lilimwaga maji ya mvua kwenye mafuta ya Wanpen. Mafuta yakaruka. Kovu lipo hadi leo, kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono. Wanpen alingoja kuombwa radhi. Thawil alimwambia asogeze kikaango.

"Ningewaita wale wageni, angesema namwibia wateja," anasema Thawil.

"Ningewapeleka kwake, angedhani nimemsamehe," anasema Wanpen.

Juni mwaka huu, joto likiwa kali, Bibi Ubon alikuwa kwenye foleni. Ni muuguzi mstaafu mwenye miaka 76, na amekula kome hapa kila Jumatano tangu akiwa kazini. Alisimama nusu saa nyuma ya kundi lililobishana juu ya picha. Kisha miguu ikamwisha nguvu, akakaa chini barabarani.

Wanpen alizima gesi. Alimwinua, akamkalisha kwenye kivuli na kumpa maji. "Usihangaike, mwanangu," Ubon alimwambia. "Wahudumie wageni wako."

"Si wageni wangu, Bibi," Wanpen akajibu.

Akawashika mikono wageni wawili waliokuwa mbele, akavuka nao kichochoro, wengine wakafuata. Akasimama mbele ya Thawil. Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza baada ya miaka sita.

"Kaka, wapikie hawa. Nimechoka."

Thawil aliweka upepeo wake chini. "Wangapi?"

Kesho yake asubuhi, Wanpen alimkuta juu ya ngazi akikata miti ya turubai lake, kipande cha mita nzima. Radhi hakuomba. Alishuka, akafagia vumbi la mbao, akauliza kama urefu ule unatosha.

"Nilimwambia kata kidogo tena," anasema Wanpen. "Akakata."

Sasa sahani zimefika mia kwa siku, na Bibi Ubon anawekewa kiti. Wageni bado wanakosea, na Thawil, baada ya kunyamaza miaka sita, hafungi mdomo.

Mvua zikikatika, Wanpen anataka kwenda Samut Songkhram kukaa siku tano kwa kaka yake. Hajapumzika kiasi hicho tangu aanze kazi. Thawil amejitolea kumshikia kikaango, na kila asubuhi anafundishwa.

"Anakoroga," Wanpen anasema, akimtazama ng'ambo. "Namwambia, Kaka, acha iive, usiiguse. Anaigusa. Akielewa, nitaondoka. Asipoelewa, nitaondoka vilevile."